Mikono ya Muadhini

Sauti ya Muadhini wetu haikuwa na kasoro. Kasoro yake ilikuwa mikono.

Nayasema haya kwa upendo, na angekuwepo hapa angenijibu kabla sijamaliza sentensi. Nimekuwa jirani yake miaka mingi pale Sindeni. Kibaraza changu cha kushonea kinatazamana na msikiti, na mimi ni mwanamke wa milimani, nimezaliwa Soni nikaolewa huku kwa Wazigua, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Msambaa. "Msambaa, umeamkaje huku bondeni kwa watu?" Nami namwamkia, "Shikamoo, Muadhini," naye anaitikia marahaba kwa sauti ambayo kuku wa jirani wanainua vichwa. Siku hizi amehamia Handeni mjini kwa mwanawe mkubwa, na adhana inatolewa na mtu mwingine, mtu mwema tu, ila ukiwa shambani humsikii. Yule wetu ulimsikia shambani, kisimani, na hata ukiwa umejifunika gubigubi una homa. Umeme ulipokatika hatukujua kama kipaza sauti kimezimika, maana hakikuwa na kazi yoyote pale zaidi ya kupamba ukuta.

Sasa, ili unielewe, nikuambie kwanza habari ya binti yangu. Zaina anaendesha baiskeli za mashindano. Alianza kwa kubeba madumu ya maji, akaendelea kwa kwenda na baiskeli shule ya sekondari, na siku moja watu wa klabu ya baiskeli ya Korogwe wakamkuta njiani, wakajaribu kumpita, hawakumpita. Tangu hapo alitaka jambo moja tu maishani, na alilitaka mpaka chakula kilimshinda: kuupanda mlima wa Mombo hadi Soni siku ya mashindano, kwa miguu yake mwenyewe, avuke mstari namba yake ikiwa bado iko mgongoni, ili timu za kulipwa zimwone. Maadui wa jambo hilo walikuwa wengi. Jua, mlima wenyewe, matairi ya mtumba. Na alikuwa na rafiki mmoja aliyekuwa hatari kuliko maadui wote, ndiye huyu ninayemsimulia.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba Muadhini mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona juu ya baiskeli. Alikuwa nayo moja, nyeusi, nzito, ya zamani. Aliikokota kwenda shambani, akaikokota kurudi, imebeba mihogo au kuni, na kama haikubeba kitu aliikokota vilevile. Nilimuuliza siku moja kwa nini haipandi. "Nikiipanda mimi nani atanisukuma?" akajibu, kisha akaenda zake anacheka.

Jibu hilo linaonekana la mzaha, lakini kwetu Sindeni kusukuma si mzaha. Ukimkuta mtu kwenye kilima, baiskeli yake imeelemewa na magunia, humsalimii kwanza. Unaweka mikono kwenye mzigo unasukuma. Huombwi, wala hushukuriwi mpaka mfike juu, na mkifika juu ndipo mnaulizana habari za nyumbani. Mtu aliyempita mwenzake kilimani bila kumsukuma husemwa mwaka mzima. Watoto hujifunza hivyo kabla hawajajua kuhesabu, na Muadhini alikuwa bingwa wa jambo hilo. Aliwahi kumsukuma mchoma mkaa asiyemjua kutoka bondeni mpaka juu, akafika akitweta, ndipo akagundua yule bwana alikuwa anataka kushuka bondeni, alikuwa amegeuza tu baiskeli ili akojoe kwa heshima.

Wazimu wa mashindano aliupatia Segera. Alikwenda kuuza machungwa, mvua ikamkimbiza ndani ya mgahawa, na mle ndani televisheni ilikuwa inaonyesha mbio za baiskeli kwenye milima ya Ulaya. Amenisimulia mara nyingi hata naweza kuapa nilikuwepo. Aliona barabara imesimama wima, watu wamejaa pande zote mbili, wengine wamejipaka rangi, mmoja kavaa mavazi ya ng'ombe na pembe zake, wanakimbia kando ya waendeshaji huku wakipiga kelele mpaka mishipa ya shingo imewatoka.

"Hao wanaokimbia ni ndugu zake?" alimuuliza mwenye mgahawa.

"Hapana, mzee. Ni mashabiki."

"Wanamjua?"

"Hata hawamjui."

Muadhini akaweka kikombe chini. "Basi hiyo ni imani," akasema, na chai yake ikapoa pale pale.

Alirudi Sindeni na machungwa nusu kapu, hana habari nayo, anatuonyesha kwa mikono jinsi wale watu walivyokuwa wanakimbia. Na kulikuwa na kitu kingine alichokiona kwenye ile televisheni, ndicho kilichokuja kutuponza. Alimwona shabiki mmoja anamgusa mwendeshaji mgongoni, anamsukuma kidogo, na mwendeshaji anaendelea na safari. Alifurahi mno. Aliona kumbe hata Wazungu kwenye kilima wana adabu.

Miaka michache baadaye mbio zikaja kwetu wenyewe. Zinaanzia Handeni mjini, zinapita Sindeni mlangoni kwetu, zinaingia Korogwe, zinafuata barabara ya Moshi hadi Mombo, halafu zinakata kulia na kuanza kupanda. Huo mlima naujua. Niliushuka nikiwa bibi harusi, ndani ya gari, nimefumba macho. Wageni wa timu za kulipwa huja na baiskeli unayoweza kuiinua kwa vidole, na watu wetu wa Korogwe huja na walichojaliwa. Wote wakifika pale Mombo wanatazama juu, na nyuso zinabadilika rangi sawasawa.

Sindeni kwenyewe hapakumtosha Muadhini. Wanapita pale kwenye tambarare kwa kasi, vumbi na upepo, ukipiga chafya umewakosa wote. Yeye alitaka kuwaona wanapoteseka. Siku ya kuamkia mashindano alikuwa anapata lifti ya lori hadi Mombo, analala kwa rafiki yake, na alfajiri akishaswali anapanda kwa miguu mpaka kwenye kona moja kali, pale unaposikia maji korongoni lakini huyaoni. Hapo ndipo palikuwa pake. Anakunja kanzu anaichomeka kiunoni, anasafisha koo, anasubiri.

Na alipofungua mdomo! Jamani! Miaka niliyofuatana naye nilikuwa nasimama kando yake nasikia mbavu zangu zinatetemeka. Watu walimuuliza kama si vibaya kuitumia sauti ya msikitini kwa mambo ya baiskeli, akawaambia adhana ni ya Mwenyezi Mungu na haichanganywi na kitu, ila Mungu hakumpa koo mbili. Aliwaita waendeshaji kwa rangi za fulana zao. "We kijani! Kijani, inua kichwa! Mama yako anakuona!" Mama wa kijani labda alikuwa Mwanza huko anapepeta mchele, lakini kijani aliinua kichwa. Niliona kwa macho yangu mtu aliyekuwa amekwisha kabisa, mdomo wazi, macho meupe, akiisikia ile sauti anasimama juu ya pedali kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

Alikuwa na nadharia yake juu ya hilo, na Zaina alikuwa mwanafunzi wake mkuu. Jioni Zaina akirudi kutoka mazoezini, amechoka, anajitupa kwenye kibaraza changu kati ya vipande vya vitambaa, Muadhini anavuka barabara kuja kumhoji.

"Vipi mlima?"

"Unaumiza, babu. Miguu inagoma."

"Mlima haupandwi kwa miguu, mjukuu wangu. Unapandwa kwa aibu. Ukiwa peke yako utashuka uikokote, nani kakuona? Lakini watu wakikutazama utaona haya kushuka. Na aibu ina nguvu kuliko ugali."

"Na wewe mbona unaikokota ya kwako mbele za watu?"

"Mimi sina aibu," anajibu. "Ndiyo maana nikawa shabiki."

Mwaka mmoja mwanachama wa klabu ya Korogwe alikatikiwa na cheni pale pale kwenye kona yetu. Jibaba zima lilikaa kwenye mtaro, likashika kichwa. Watu wakaanza kumpa pole. Muadhini akamsogelea, akamsimamia, akamuuliza kwa upole kabisa, "Na miguu nayo imekatika?" Yule bwana akamtazama kwa hasira, halafu kicheko kikamponyoka, kicheko na machozi pamoja. Akajitwika baiskeli begani akaanza kupanda kwa miguu, viatu vyake vya mashindano vinagonga lami kwa, kwa, kwa, na kona nzima ikamsindikiza kwa makofi. Alifika Soni, malengelenge tele, na alipofika alimtafuta Muadhini ampe mkono.

Nimetaja pole, na hiyo pole ina kisa chake. Kuna mwendeshaji mgeni, kijana wa nchi za baridi, alimaliza mbio amenuna. Akamuuliza mkalimani: hawa watu wana nini na mimi? Kutoka Mombo mpaka juu wananiambia niende taratibu! Kumbe hotelini alikuwa amefundishwa neno moja tu la Kiswahili, polepole, na njia nzima watu wetu, wakimwona alivyolowa jasho na alivyoiva uso, walikuwa wanamwonea huruma. "Pole! Pole! Pole!" Yeye anasikia punguza, punguza, punguza. Muadhini aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasimama ghafla. "Tumemrudisha nyuma kwa huruma zetu," akasema.

Mwaka uliofuata alishuka Mombo siku moja kabla, akapita kibanda kwa kibanda kuwakataza watu wasiseme pole. Wanawake wanaouza ndizi pale barabarani walimtolea macho. Bibi mmoja, mkali kama pilipili, akamwambia, "Mtu anateseka mbele ya macho yangu, nisimpe pole? Nimwambie nini, karibu chakula?"

"Mwambie kaza."

"Kaza! Simjui hanijui, nimwambie kaza? Mimi ni askari wake?"

Walibishana mpaka ndizi zikaanza kupata jua, na mwisho wakakubaliana watasema hongera. Mpaka leo, ukipita Mombo siku ya mashindano, utasikia akina mama wamejipanga wanawapigia waendeshaji hongera, hongera sana, kana kwamba kila mmoja wao amejifungua salama.

Alikuwa mtu wa mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Huyu ndiye yule yule aliyeweza kumrudisha msichana nyumbani kutoka dukani kwa sababu ushungi umekaa mabegani badala ya kichwani. Kwa hiyo Zaina alipoanza kuvaa nguo za mashindano, zile za kubana, nilijiandaa kwa vita. Wazee walianza kunung'unika barazani baada ya swala ya Ijumaa, nikiwa nawasikia nyuma ya cherehani yangu. Nikasikia na sauti yake. "Mkivaa kaptula shambani nani huwauliza? Ile ni nguo ya kazi. Mwacheni mtoto afanye kazi." Wakabadilisha mazungumzo. Nikashusha pumzi.

Lakini baadaye akaja kwangu, anaangalia paa. "Msambaa, mshonee kitu cha kubana chenye adabu."

"Kitu cha namna hiyo hakipo, Muadhini."

"Wewe si fundi? Kilete kiwepo."

Nikashona taiti ndefu kwa kitambaa kizito, Zaina akaenda nayo mazoezini akarudi anatembea kama bata, amechubuka. Nikashona nyingine, ikapasuka mahali pabaya zaidi. Ya tatu ikakubali, pamoja na kitambaa chepesi cha kichwani kinachokaa chini ya helmeti bila kuleta joto. Muadhini akaja kukagua huku macho yake yako mawinguni.

"Imekaa vizuri?"

"Si umwangalie."

"Nimekuuliza wewe, fundi."

Nikamwambia imekaa vizuri. Akaondoka ametosheka, na tangu siku hiyo aliwaambia watu kwamba tumeishona yeye na mimi.

Basi ukafika mwaka wa kwanza wa Zaina kuupanda mlima kwenye mashindano makubwa. Nilikwenda na mimi, nikasimama kwenye kona na Muadhini. Wanawake walitangulia kuanza, wanaume nyuma yao. Ghafla tukamwona mwanangu anatokeza chini yetu, yuko na wale wa mbele! Nilipiga kelele nikasahau jina lake, nikawa naita tu mwanangu, mwanangu. Lakini pale kwenye kona mwinuko ukamkamata. Wenzake wakamwacha kidogo, kisha zaidi. Baiskeli ikaanza kuyumba, gurudumu la mbele linatafuta njia huku na huku. Muadhini alikuwa anamwita kwa sauti yote aliyopewa. Na halafu mikono ikaenda.

Alimsukuma! Kanzu kiunoni, makubadhi yameruka moja huku moja kule, mikono miwili mgongoni kwa mtoto, anakimbia naye kona nzima na kuendelea. Zaina analia, "Babu niache! Babu! Niache babu!" Yeye anasikia babu tu, anaongeza nguvu. Watu walifurahi ajabu, maana pale nani asiyejua kwamba kilimani ndivyo inavyofanywa? Mwamuzi alikuwa nyuma kwenye pikipiki. Akatoa kalamu akaandika namba ya Zaina.

Muadhini akarudi pekupeku, jasho linamtiririka, uso unang'aa. "Mmeona? Ameandika namba yake! Binti ameandikwa!"

Na mimi mama yake nikapiga vigelegele. Nilivipiga kwa moyo wote, vikaenda vikarudi korongoni, kumshangilia mwanangu kwa kuondolewa mashindanoni.

Tulimkuta Soni amekaa juu ya jiwe, namba wamemvua. Mwamuzi ndiye aliyemweleza Muadhini, na kwa heshima, lazima niseme hivyo.

"Mzee, kumsukuma mshindani hairuhusiwi. Anaondolewa."

"Hata kilimani?"

"Hasa kilimani, mzee."

Muadhini akafikiri sana. "Kwa hiyo nikimwona mtu anazama, nimtazame?"

"Akiwa kwenye mashindano, ndiyo. Umtazame."

Njiani tukirudi, juu ya lori, sikuisikia ile sauti hata mara moja. Tulipofika Korogwe alitazama viganja vyake, akaviweka chini ya mapaja akavikalia, akakaa hivyo mpaka Sindeni. Iliniuma. Nilikuwa na hasira naye, sitaki kusema uongo, na wakati huo huo nilitaka kumkumbatia kama baba yangu. Siku ya pili alivuka barabara akaniambia hatakwenda tena mlimani. "Hii mikono ilifundishwa kabla ya akili," akasema. "Akili nikiiambia inasikia. Mikono haisikii."

Zaina hakumlaumu. Alirudi mazoezini, akapanda kila kilima kilichoko kati ya Handeni na Korogwe, akishuka anageuza anapanda tena. Msimu uliofuata tukasikia timu ya kulipwa kutoka nje itakuja kutazama wanawake wapandaji, na kwamba hawatatazama mwingine isipokuwa waliofika juu na namba zao. Siku chache kabla ya mashindano Zaina akaenda uani kwa Muadhini. Nami nikajifanya napeleka chumvi.

"Babu, utakuja?"

"Siji."

"Ile kona bila sauti yako siivuki."

"Na mikono je?"

"Mikono iache nyumbani."

"Inanifuata kila niendako, mjukuu wangu," akajibu, na wala hakucheka. Zaina akamwamkia tena kana kwamba ndiyo kwanza amefika, akaondoka. Nilimwona anafuta macho njiani.

Siku ya mashindano nikapanda peke yangu. Jua lilikuwa limeshaanza kuunguza lami, wauza miwa wamejipanga, vijana wameshika simu juu, Wasambaa wenzangu wameteremka kutoka mashambani na majembe yao begani na mizigo ya kabichi kando ya barabara. Nilipofika kwenye kona nikamkuta amesimama. Kanzu safi, kofia safi, uso wa mtu aliyeletwa mahakamani.

"Muadhini! Si ulisema huji?"

"Nilisema. Una kanga ya ziada?"

Nilikuwa nayo. Akanigeuzia mgongo, akaweka mikono nyuma, akavuta mikono ya kanzu ikafunika vifundo. "Funga juu ya nguo," akasema. "Funga kama mzigo wa safari ndefu."

"Watu wanatuangalia."

"Wache waangalie. Funga, Msambaa, wanakuja."

Nikafunga. Nikakaza kwa goti. Jamaa mmoja mwenye kabichi akauliza mzee kaiba nini, nikamjibu bado hajaiba. Kona nzima ikacheka, ila Muadhini hakuwa na habari nasi, alikuwa ameshaelekeza sikio bondeni.

Pikipiki za waamuzi zikatangulia. Kisha akatokea mwanamke wa timu za nje, mwepesi, hata jasho humwoni. Akafuata wa pili. Halafu pengo. Nikasimama kwa vidole nione mbali. Halafu nikaiona taiti yangu, mshono wangu mwenyewe, inazunguka, inazunguka, na juu yake uso wa mwanangu ambao sikuutambua, umekunjamana kama wa bibi kizee, goti moja linachuruzika damu kwa kuanguka huko nyuma.

"ZAINA!"

Sijui nikuelezeje. Ndege waliruka. "Zaina! Usishuke! Watu wanakuona! Mimi nakuona! Inua kichwa, mama, inua!"

Akainua kichwa. Akapanda hatua chache nzuri, kisha mwinuko ukamkamata pale pale ulipomkamata kwanza. Gurudumu likaanza kuyumba. Mabega ya Muadhini yakaruka. Niliona kanga inavutika, fundo linalia, mishipa imemsimama, anakimbia kando ya mtoto amejipinda mbele, mikono inapigania kutoka nyuma ya mgongo wake kama si yake. Fundo likashika. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya fundo.

Kumbe tulikuwa tumefunga mikono miwili tu, na kona ilikuwa imejaa mikono. Yule wa kabichi akatupa mzigo. Wa pili akatupa jembe. Wamemwona mtoto wa watu anaanguka kilimani, goti lina damu, wafanye nini? Walikuja wamenyoosha viganja, watu wema kabisa, watu wa kwetu, wanakwenda kumuua mwanangu kwa wema. Nikapiga ukelele lakini nani angenisikia.

Muadhini akajitupa katikati. Hana mkono wa kumzuia mtu, akatanguliza kifua, mgongo kwa Zaina na uso kwao. "Msimguse! Kwa jina la Mungu, msimguse! Mwacheni apande!" Yule wa kabichi alikuwa na mwili na alikuwa na kasi. Akamgonga, wote wawili wakaanguka, na Muadhini akabiringika mpaka kwenye mtaro. Zaina akasikia kishindo. Aligeuza macho kidogo tu, kisha akasimama juu ya pedali, akasimama kweli kweli, akaikanyaga ile baiskeli kama anaua nyoka, akaimaliza kona, akapotea juu. Mwamuzi akapita na pikipiki yake. Alitutazama sote, kalamu iko mfukoni.

Nilishuka mtaroni nikamkuta amekaa kwenye tope, kofia haipo, kanzu ile safi haitazamiki.

"Amepita?"

"Amepita, Muadhini."

"Nani kamgusa?"

"Hakuna aliyemgusa."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Tukakaa pale pale kwenye tope, mimi na yeye, tunasubiri. Habari za Soni hazihitaji simu mlimani. Zinashuka kwa midomo, kona kwa kona, watu wanapokezana. Tukasikia kelele juu kabisa, kisha chini yake kidogo, kisha karibu, mpaka kijana wa kona ya juu yetu akainama akapaza sauti: "Yule wa Sindeni amefika! Wa tatu! Na namba yake anayo!"

Nililia nikacheka, nikapiga vigelegele, na safari hii nilijua ninachokishangilia. Nilipomgeukia Muadhini machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka ndevuni, pamoja na tope, na hana namna ya kuyafuta.

"Nifute, Msambaa," akasema. Sauti ilikuwa imemwishia, ilibaki kama ya mtu yeyote.

Nikamfuta kwa ncha ya kanga niliyojifunga kiunoni. Kisha nikapita nyuma yake nikaanza kulegeza fundo. Akaikwepesha mikono yake. Chini yetu, nyuma ya kona, zilikuwa zinasikika gia za baiskeli na pumzi za watu.

"Usinifungue bado," akasema. "Kuna wengine wanapanda."